Unene wa Mkata Tiketi

Jirani yangu alikuwa mkata tiketi pale stesheni ya Kalemie, mwembamba hata koti lake la abakosti lilining'inia kama limetundikwa msumarini. Siku moja alipatwa na shambulio la moyo kazini. Alipona, lakini moyo ulibaki mchovu. Miguu ikavimba maji, tumbo likafuata, akawa analala ameketi ili apate pumzi. Mtaa uliona mengine. "Papa, umenona! Kazi inakulisha muzuri!" Naye alisogeza tumbo mbele na kupapasa vifungo vyake taratibu, kwa vidole vilivyojaa.

Siku wakwe walipokuja kutoka Kabalo kumposa binti yake Viviane, nilialikwa kukaa upande wa familia. Wageni walipoanza kuingia, alikuwa mlangoni akihema, huku akisukuma mkono wa mkewe uliomletea kidonge cha kutoa maji.

"Leo hapana," alinong'ona. "Nitaenda choo kila mara. Wakwe watasema nini?"

"Na ukikufa mbele yao, watasema nini?" alijibu Mama Viviane. "Hii si mafuta, Papa. Hii njo maji. Meza."

Akameza. Haukupita muda, akainuka kwenda uani. Wakwe wote wakasimama kwa heshima. Aliporudi wakasimama tena, na ikawa hivyo mchana kutwa. Mwishowe baba wa bwana harusi alijishika magoti, akaniinamia sikioni.

"Mukwe wetu," alisema akitweta, "njo muntu mukubwa kweli."