Boneti Iliyokataa Kufunga Asubuhi

Pikapu hiyo ililetwa gereji yetu mara tatu kwa wiki moja, na mara zote tatu ilifika mchana ikiwa na tabia nzuri kabisa. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mkulima, mtu wa ngano na maziwa kutoka upande wa Soy. Alikuwa anashuka, anafungua boneti, anaifunga, paa! Inashika. Anarudia, paa! Inashika tena.

"Nyumbani inakataa," alisema siku hiyo ya tatu, aibu imemjaa usoni.

"Labda inaogopa mji, Mzee," fundi mkubwa alimjibu, gereji nzima ikacheka.

Mke wake hakucheka. Yeye ndiye alikuwa ndani asubuhi ile boneti iliporuka barabarani ikafunika kioo chote, Mzee akaendesha kama kipofu hadi wakaingia kwenye seng'enge ya watu.

"Mimi siingii tena," alisema Mama. "Na mtoto wangu haingii."

Na hapo ndipo shida yenyewe ilipokuwa. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi binti yao wa kwanza alikuwa anaolewa. Vijana wao walikuwa wameshaazima gari ndogo ya jirani, lakini Mzee alitaka kumpeleka binti kanisani mwenyewe, kwa ile pikapu iliyobeba maziwa yaliyomsomesha.

Fundi mkubwa akachukua waya pale kwenye meza ya betri, chini ya picha ya Rais ambayo kila biashara mjini ilikuwa nayo. "Tufunge na hii, Mzee. Mtafika tu."

"Nipeleke bibi arusi na gari imefungwa kama kondoo ya soko?" Mzee akaangalia viatu vyake. "Basi. Waende na hiyo ya jirani."

Moyo uliniuma. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, shule niliiachia darasa la saba, lakini kwa magari nilijiamini kupita kiasi. Saa ya chai nilikuwa nachora gereji yangu mwenyewe kwenye karatasi za mifuko ya simiti, ina milango sita na bomba la maji ndani.

"Mzee, niachie hiyo gari hadi kesho," nikasema. "Nitaipata tu."

"Utaipata wapi na haijapotea?" fundi mkubwa akanitania. "Injinia!"

Mimi nilishapiga hesabu yangu. Mchana inakubali, asubuhi inakataa. Chuma ni kile kile. Kinachobadilika ni baridi, na Desemba asubuhi Eldoret vidole vinakataa hata kushika spana. Kwa hivyo gari ililala nje, na Ijumaa nilifika kabla ya wengine, nyasi bado zina umande. Nikafungua boneti, nikaifunga. Ikalala pale kimya, bila kushika. Nikainua kwa kidole kimoja, ikaja.

Nikachungulia loki. Ule ulimi wake, ambao unapaswa kuruka mbele na kushika, ulikuwa umebaki nyuma. Ulikuwa umegandiwa na kitu kizito, cheusi, kimejaa makapi ya ngano. Sote tulikuwa tumekiona tukidhani ni grisi kuukuu. Nikakitoa kidogo, nikakisugua kiganjani hadi kikapata joto, nikanusa. Kilinukia kama jikoni. Kilinukia ng'ombe!

Mzee na Mama walipofika saa tatu, nikauliza, "Mzee, hii loki ulipaka nini?"

Mzee akamwangalia Mama. Mama akamwangalia Mzee.

"Siku ya koito," Mzee akaanza polepole. Hiyo ndiyo siku ambayo familia mbili zinakubaliana, na wazee wanapaka watoto siagi kichwani kuwabariki. "Siagi ilibaki kidogo kwa kibuyu. Nikafikiria, si hii gari ndiyo itambeba? Nikaipaka pia. Kila mahali penye inasonga."

"Umebariki gari?" Mama akashika kiuno. "Na ukaniambia ni paka amelamba!" Alicheka hadi akaegemea tairi, na Mzee mwenyewe akashindwa kujizuia.

Nikawaeleza: injini ikipata moto siagi inayeyuka, loki inashika. Usiku inaganda. Asubuhi Mzee akifungua boneti kuangalia maji, ulimi unarudi nyuma na kubaki huko. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, halafu mkono ukasita. Nitaifutaje baraka ya mtu siku moja kabla ya arusi?

Mzee aliona. "Osha, kijana," alisema. "Ya binti yangu ilipakwa kichwani. Haitoki."

Nikaosha hadi chuma kikang'aa, nikatia oili ya injini matone mawili. Paa! Lakini Mama alikuwa amekunja mikono.

"Sasa ni jua. Hata jana na jua ilifunga."

Alikuwa na haki. Kwa hivyo jioni nilienda nao Soy, nikalala kwao sebuleni. Jumamosi alfajiri, ukoo wote umejifunga mablanketi uani, gari ya jirani imesimama hapo na riboni zake, nilifungua boneti mbele ya macho yao. Ilikuwa baridi sana, lakini sikuwa na wasiwasi. Nikaiachia.

Paa!

Mama alikuja akaivuta juu kwa mikono miwili, na nguvu zote. Haikutikisika. Akaingia, akaamuru Mzee aendeshe kwenye mashimo yote hadi barabara kuu, na haraka. Tulisimama tukisikiliza pikapu ikirukaruka huko chini, kisha ikirudi.

Mama alishuka. Akaenda kwa gari ya jirani, akafungua riboni moja moja, akaja kuzifunga kwenye pikapu.

"Mimi nakaa mbele na mtoto," alisema akikaza ya mwisho. "Na mtu asipake kitu."