Ua la Porini na Sharti la Kuliona Kwao

Chama chetu cha wapanda maua hapa Malindi kina sharti moja ambalo sikulijali mpaka liliponifikia mimi. Mmea uliochimbwa porini hausajiliwi kwa jina lolote mpaka wanachama wawili waende pale ulipotolewa, wawaone wenzake wangali hai. Mwenyekiti, afisa wa kilimo aliyestaafu, hulieleza hivi: "Tusije tukalisajili ua, kumbe aliyelileta ndiye aliyelimaliza."

Nina shoga yangu chamani, Mhindi mjane mwenye duka la vitambaa mtaani kwetu. Uani kwake, ndani ya debe, lilikuwapo ua la jamii ya airisi: majani yamesimama kama panga, ua lenyewe manjano hafifu na koo jekundu. Marehemu mumewe ndiye aliyelichimba ukingoni mwa korongo, njia ilipokuwa ikipanuliwa kandokando ya msitu nyuma ya kijiji cha Ganda. Alirudi nyumbani na tunguu lake mfukoni, limejaa udongo. Sasa mkewe alitaka lisajiliwe kwa jina la mumewe, akaniomba niwe shahidi wa pili.

Nilikubali kabla sijafikiri. Msitu ule una ndovu.

Mie ni mtoto wa mjini, na wazee wangu walitoka visiwani. Mnyama mkubwa niliyemzoea ni punda. Juma lile lile, mkulima mmoja aliyekuja dukani kununua kanga alitusimulia jinsi ndovu walivyoingia shambani mwake, wakalala juu ya mihogo. Alicheka alipokuwa akisimulia. Mie chakula cha mchana sikukimaliza, na mume wangu akauliza kama naumwa.

Siku ilipofika tulipewa askari wa msitu, Mgiriama wa makamo, mpole. Alitwambia tusinene kwa sauti, tusikimbie asipotuamuru. Nilitaka kumwuliza, "Na ukituamuru, tukimbilie wapi?" Buibui langu lilikuwa likishikwa na miiba kila hatua, nami kila nikivutwa nadhani nimeshikwa na mtu.

Kwanza tuliona kinyesi. Askari akakigusa kwa mgongo wa mkono, akatazama mbele. "Bado kina moto," akasema taratibu.

"Basi turudi," nikanong'ona.

"Ni hapo mbele tu, shoga," akasema mwenzangu. "Marehemu aliniambia pana korongo."

Hatukulifikia korongo. Tawi lilivunjika upande wa kushoto, kisha pakawa kimya, kisha nikasikia mngurumo wa chini sana, kama gunia zito linaloburutwa sakafuni. Askari akainua mkono. Nikazibana bangili zangu zisilie. Baina ya miti kitu nilichodhani ni kivuli kikasogea, kikawa na sikio. Midomo yangu ilitafuta Ayatul Kursi, niliyoihifadhi tangu utotoni, ikapata maneno ya mwanzo tu. Shoga yangu alikuwa amenishika mkono kwa kucha. Askari akatuashiria kurudi nyuma, polepole, tusimpe mgongo. Tukarudi hivyo hivyo, kinyumenyume, hadi njiani. Nikaketi mchangani mbele ya mwanamume nisiyemjua, nikalia.

Kwenye mkutano mwenyekiti akatuuliza, "Mmeyaona maua?"

Wallahi, jibu la ndiyo lilikuwa tayari ulimini mwangu. Tungalisema hivyo, nisingalirudi kule tena. Nani angalitupinga? Lakini mwenye haja alinitangulia.

"Hatukuyaona," alisema. "Tulimwona ndovu tu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, alisema ombi litangoja.

Njiani kurudi nyumbani nilimkasirikia shoga yangu. "Neno moja tu, shoga! Mumeo angalipata jina lake."

"Na kama yamekwisha kule?" akaniuliza. "Kama lile debeni ndilo la mwisho, nitaandika jina lake juu ya nini?"

Nilielewa kwamba naye alikuwa na hofu yake, wala si ya ndovu.

Baada ya mvua tulirudi na askari yule yule pamoja na mwenzake. Sitasema nilikuwa nimepata ushujaa. Korongo tulilikuta, na ukingoni mwake maua yalikuwapo, machache, yametawanyika katika nyasi, mengine yamelazwa na nyayo pana. Shoga yangu alichutama karibu nayo, asiyaguse. Alisema maneno kwa Kigujarati, nadhani akimwambia mumewe. Mie nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeyapa maua kisogo, natazama miti.

"Njoo uyaone," akaniita. "Shahidi lazima aone."

Nikageuza shingo, nikayaona, nikairudisha upesi.

Ua likasajiliwa. Wageni huja uani kwake kulitazama, naye huniita nieleze safari yetu. Hueleza, watu hucheka, nami hucheka nao. Lakini tawi lolote likivunjika mahali, hata mwembe wa jirani ukikatwa, nasimama nilipo, mkono mmoja juu ya bangili.