Kifuko Kimoja Pungufu

Merle Stroud alizaliwa kwa wakulima wa ngano huko Oklahoma, akaingia jeshini kwa kuwa shamba lilikuwa la kaka yake. Huko akakutana na mizinga, akanasa. Miaka ikapita akihamishwa kama furushi, Ujerumani, Korea, Georgia, na mkewe Lorene akawa bingwa wa kufunga sahani zisivunjike. Mwishowe walirudi Oklahoma, Merle akiwa kapteni wa kikosi cha mizinga sita, na cheo cha meja kikimngoja. Alikuwa mtu wa wasiwasi. Wenzake walimcheka, lakini mimi nasema mpiga mizinga asiye na wasiwasi ndiye wa kuogopwa.

Jumamosi moja walikuwa wakilenga bonde tupu. Askari aliyewekwa kilimani kuangalia makombora yanapoangukia akaita kwa redio.

"Afande, hilo la mwisho sijaliona."

"Hujaliona vipi? Umesinzia?"

"Macho yamenitoka kodo, afande. Bondeni halijaanguka."

"Sitisha!" Merle alipiga ukelele, na kila mtu akaganda alipo.

Kombora huja na vifuko saba vya baruti. Siku ile vilitakiwa vitano, viwili vikatwe na kuwekwa kando. Merle alikimbia mzinga hadi mzinga akikagua. Kwenye mzinga wa tatu, uliofyatua la mwisho, kando palikuwa na kifuko kimoja tu. Kombora lilikuwa limeondoka na baruti ya ziada, likavuka kilima. Na ng'ambo ya kilima kulikuwa na kijito, ambako waumini wa kanisa lao walikuwa pikiniki, Lorene akiwemo na pai yake ya tufaha.

"Mungu wangu, afande, nimekata kimoja," alisema Sajenti Purvis, mkuu wa mzinga huo.

"Na mimi nilitakiwa kuangalia, sikuangalia," alisema Merle.

Kungoja kule simtakii hata adui. Merle aliishika redio kwa mikono miwili, akiogopa kuuliza na akiogopa kunyamaza. Hatimaye rubani wa helikopta iliyotumwa kulitafuta kombora akasema ameona shimo katikati ya ngano, na hakuna mtu aliyeguswa. Merle aliketi mavumbini akalia mbele ya askari wake bila haya.

Kanali alifika amefura. "Nani kakata baruti?"

Purvis alifungua mdomo, Merle akamtangulia. "Kikosi ni changu, afande."

"Basi si chako tena, Stroud. Nenda nyumbani."

Lorene alirudi amebabuka kwa jua, anacheka. "Mpenzi, umekosa uhondo! Mchungaji kaanguka kijitoni na suruali yake ya Jumapili! We, mbona unanikumbatia hivyo? Utanivunja mbavu!"

Merle hakumwachia. Alikuwa bado anatafuta pa kuanzia wakati vioo vya madirisha vilipotikisika. Mizinga ilikuwa imeanza tena.

Lorene akaacha kucheka. "Merle," alisema, "leo si zamu ya kikosi chako? Nani anatoa amri huko?"