Mfuko Wenye Kitambaa Cheusi

Mtu akiniuliza habari za wokovu, namwambia amtafute wifi. Wifi yangu, mjane wa kaka yangu, ana imani ya kutosha ukoo mzima, na mimi nilikuwa nimejiegemeza hapo bila haya. Tunafua mashuka ya hospitali, chumba cha chini kabisa, penye joto la kukausha hata mate.

Sisi wafuaji tuna desturi yetu. Mgonjwa akifariki, mashuka yake huletwa kwenye mfuko uliofungwa kitambaa cheusi. Tunazima mashine, wifi anaomba, tunaitikia amina, ndipo tunafua. Haombei maiti. Anamwombea mama wa marehemu, au yeyote aliyebaki analia. Msimamizi alifoka weee, mwisho akanywea.

Asubuhi moja binti wa pekee wa wifi alikuwa ghorofani, chumba cha upasuaji. Uchungu ulimshika tangu jana yake, mtoto hatoki, na damu ilikuwa imeanza kumtoka vibaya.

"Nenda ukakae kule juu, wifi," nikamwambia.

"Nikafanye nini? Nitazame mlango? Hapa angalau mikono ina kazi."

Alikuwa anakunja shuka, analikunjua, analikunja tena, midomo inacheza. Nikajua anaomba, na nikapandwa na hasira. Jamani, huyu amezika mume angali kijana! Mungu anamtaka nini tena? Nikabamiza kifuniko cha mashine.

"Mashine imekukosea nini?"

"Nina hasira na Mungu wako."

"Basi mwambie mwenyewe. Hiyo ni mashine ya hospitali."

Utani huo aliutoa bila kucheka. Mara mpagazi akaingia akisukuma kigari cha nguo chafu, na juu kabisa palikuwa na mfuko wenye kitambaa cheusi.

"Umetoka wapi?" nikamnong'oneza.

"Upasuaji."

Niliukwapua mfuko ule, nikausukumia nyuma ya mapipa ya sabuni, nikasimama mbele yake kama mwizi. Nilipogeuka, wifi alikuwa ananitazama.

"Utoe."

"Wifi, tusubiri kidogo..."

"Utoe, nasema! Kuna mama anahitaji kuombewa."

Akazima mashine yake. Wenzetu nao wakazima zao. Nikauleta mfuko, naye akaweka kiganja juu yake.

"Baba, mshike mama wa huyu," akasema. "Kama ni mwenzangu, mshike. Kama ni mimi, nishike, maana naanguka."

Sauti ilikuwa imenyooka. Tukasema amina, na hakuna aliyethubutu kugusa kile kitambaa.

Mkunga akatokea mlangoni, barakoa ikining'inia shingoni.

"Mama, binti yako yuko hai. Damu imekata, ameamka, anakuulizia."

Nilipiga kigelegele, nikakikatiza, kwa sababu mkunga alikuwa anautazama mfuko.

"Mtoto tulishindwa," akasema. "Pole sana, mama."

Wifi akaweka tena kiganja juu ya mfuko. Kisha akashuka taratibu mpaka sakafuni, kwenye maji ya sabuni, akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma.

"Wifi, nimeishiwa. Omba wewe."

"Mimi? Mimi sijui kuomba!"

"Mwanangu ndiye mama wa huyu. Usimwache hivi hivi."

Wote wakanigeukia. Nikapiga magoti kando yake.

"Mungu," nikaanza, nikakwama. "Mungu, bado nimekukasirikia, sikufichi. Lakini kule juu kuna msichana ameamka, na mikono yake haina mtoto. Ni damu ya kaka yangu. Mshike. Na huyu hapa mshike pia, mimi peke yangu simwezi."

Nilikuwa nalia kama mtoto mdogo, kamasi zinanitoka, na sikuona aibu.

"Amina," akasema wifi. Akafuta uso kwa kanga, akaniegemea akainuka, tukapanda ngazi kwenda kwa binti yetu.