Malaika wa Shamba Letu

Msimamizi wa jumuiya yetu kule Mitaboni ni mtakatifu wa wakulima, yule kibarua wa Hispania aliyekuwa akienda misani kila asubuhi kabla ya kulima kwa maksai. Wenzake walimchongea kwa tajiri kwamba anachelewa kazini. Tajiri akaenda kumfumania, akamkuta amepiga magoti anasali, na malaika wanamlimia. Hadithi hiyo nimeisikia kila mwaka tangu utotoni, kwa kuwa aliyeisimulia ni baba yangu, katekista.

Baba aliipenda kupita kiasi. Yeye alikuwa mtu wa mafundisho ya komunyo, mazishi na vikao vya parokia. Mama ndiye aliyelima. Baba akirudi jioni, Biblia kwapani, akaona kipande kimepaliliwa, alisema, "Naona malaika walipita." Tulicheka sote. Hata mama alicheka, miaka ya mwanzo.

Sasa mgongo wa mama umekwisha, na daktari amemkataza kabisa kuinama. Mimi nafanya kazi kiwandani Athi River, na Jumamosi, badala ya kulala, napanda Mitaboni kulima. Ndugu zangu wana sababu zao, na nimechoka kuzisikiliza. Nilijua sitaumaliza msimu ule peke yangu, na kwamba nikishindwa, mama atachukua jembe, daktari apende asipende.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano nilikuwa nimemaliza tuta la pili, viganja vinawaka, baba akapita akitoka kwenye kikao. Akatazama shamba, akasema maneno yake yale yale. Sikucheka. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kukasirika niliona ni kazi.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya msimamizi. Baba alikuwa amekaukiwa na sauti kwa mafua, akanipa karatasi yake nisome. Mama aliketi chini ya turubai kwenye kiti cha plastiki, mto mgongoni. Nikasoma habari za kibarua yule: alivyogawa chakula chake kwa maskini, alivyowahurumia ndege wakati wa baridi, na jinsi wakulima wa dunia nzima wanavyomwomba mvua mpaka leo. Mkewe, ambaye naye ni mtakatifu, alikuwa amepewa mstari mmoja. Nilipofika kwa malaika niliishusha karatasi.

"Kwetu malaika alikuwa mmoja," nikasema. "Na mgongo wake umeisha. Tumwombee."

Watu waliitikia amina kwa mazoea, kisha wakaelewa. Baba aliinamisha kichwa, akakaa vile mpaka wimbo ulipoanza.

Nilidhani mama atanishukuru. Tulipofika nyumbani hakunitazama.

"Umeaibisha baba yako mbele ya watu," alisema. "Mimi nilikuambia nimechoka?"

"Hukuniambia, mwaitu."

"Basi ungenyamaza."

Nilirudi Athi River na uchungu mwingi. Wiki nzima nilijiona mjinga, mtu mzima wa kumuumbua mzee wake, na bado sikupata moyo wa kupiga simu kuomba msamaha.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta baba shambani, viatu vyake vya kanisani vimejaa udongo. Watoto wa komunyo walikuwa na mafundisho saa hiyo.

"Nani anafundisha?" nikamuuliza.

"Mwenyekiti wa jumuiya. Leo niko na kazi."

Alipalilia vibaya sana. Alikata magugu na maharagwe pamoja, na yalikuwa yameshaanza kutoa maua. Mama alikuwa amewekewa kiti kando ya tuta. Aliona kila shina lililoanguka, maharagwe aliyoyapanda kwa mikono yake kabla daktari hajamkataza, mdomo ameukaza. Mara mbili nilimwona akishika mkono wa kiti kama anayetaka kuinuka.

Hakuinuka, wala hakumsahihisha. Alirudisha mikono mapajani, akaiacha hapo, na baba akaendelea kulima.