Siku Nyangumi Aliponipandisha Mgongoni kwa Mama Mkwe

Wasomaji, mwandiko wangu unapanda na kushuka, na herufi nyingine nazikosea (niliishia darasa la nne), basi nivumilieni. Aibu hii nilitaka kuificha, lakini kijijini kwetu Nkowe wote wanaijua, tena wanaongeza na yao, kwa hiyo heri niieleze mwenyewe.

Nilikuwa namposa Zuhura. Mwenye kutoa jibu alikuwa mjomba wake, Mzee Bakari, naye akaniambia niwabebee mizigo yeye na mama yake Zuhura mpaka Mikindani, wakamwone dada yao mgonjwa, ili aitazame adabu yangu njiani. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata wakikutana njiani yeye huingia majanini ampishe. Sasa ndani ya mashua iliyotoka Lindi, majani ningeyapata wapi? Nikaamua kukaa nyuma yake tusitazamane. Uamuzi mdogo tu huo.

Mchana maji yakavimba ubavuni, kikatoka kitu cheusi, kirefu kuliko mashua yetu, kikapumua fuuu! tukalowa wote. Mimi nimefanya kazi Nachingwea kwenye mashamba ya karanga, nimetembea nyuma ya katapila likiangusha miti kama mabua, nikaamini hakuna kikubwa zaidi duniani. Lakini katapila lina mtu wa kulizima. Huyu nani angemzima?

"Nyangumi! Tulieni, anapita zake," akasema nahodha.

Mimi nilikwisha ruka zamani. Nilikuwa mgongoni kwa mama mkwe, mikono shingoni, miguu kiunoni, kama mtoto wa mbeleko, napiga kelele, "Mama, nakufa!"

Nyangumi akazama taratibu, maji yakajifunga juu yake kama hakupita kitu. Mimi bado nipo mgongoni.

"Shuka, mpumbavu we!" Mzee Bakari akafoka. "Posa imekwisha! Tukifika, shika njia urudi kwenu."

Nikashuka. Nilitamani nyangumi arudi anichukue, maana Zuhura ndio nimemkosa. Mama akawa anafunga kanga yake, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka!

"Kaka," akasema, "na wewe hicho ulichokumbatia ni nini?"

Tukageuka. Mzee Bakari alikuwa ameung'ang'ania mlingoti, shavu limebanwa kwenye mti. Mabaharia wakaangua kicheko.

"Huyu nimekwisha mbeba mgongoni," mama akasema, "sasa tutaoneana haya ya nini? Ni mwanangu. Mpe mke."

Mzee Bakari akauachia mlingoti kidole kimoja kimoja. "Haya, mchukue," akasema, bila kumtazama mtu.

Ufuta ulipovunwa tukaoana. Ndiyo, jamani, niliwashinda waposaji wawili wenye baiskeli! Ila baharini sirudi ng'o. Kule nilijiona mdogo kama punje, na yule nyangumi, mwenye mahali pake, alituachia tu tupite. Kama nawe umewahi kumwona, niandikie ulishika nini.