Suruali ya Brightness yamrudia fundi Ditram

Saa tatu asubuhi, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa eneo la Magomeni, mjini Kilosa, fundi cherehani Ditram Samweli anafumua suruali aliyoishona mwenyewe wiki iliyopita. Anakata nyuzi mbili za kiunoni, anasita, kisha anaiweka mapajani.

"Hii nguo imenichanganya kuliko kitabu cha Ufunuo," anasema, wala hacheki.

Ni suruali ya kike, rangi ya kaki. Kwa miaka 17, Ditram (58) hakushona ya namna hiyo. Kanisa alilosali, lenye waumini wasiozidi arobaini, lilikataza wanawake suruali, likakataza redio, likakataza kula chakula cha sherehe za watu wa imani nyingine. Mwanamke aliyemletea kitambaa cha suruali alirudi nacho, hata siku ambazo fundi hakuwa ameingiza shilingi.

Mwenye duka, Mudathir, ni Mwislamu, na kila Idi alimletea sahani ya pilau. Kila Idi sahani ilirudi kama ilivyokwenda.

"Nikamwambia, fundi, unajikomoa mwenyewe. Mimi nakula mara mbili," anasema Mudathir huku akicheka.

Miaka minne iliyopita binti pekee wa Ditram, Brightness, alipata kazi ya kuongoza watalii Mikumi. Sare ya kazi ni suruali. Baba akamwambia achague, suruali au nyumba hii. Binti akabeba begi lake.

"Kanisani walinipongeza, nikajiona shujaa," anasema Ditram. "Narudi nyumbani, nakuta sahani yake ameiosha, ameifunika mezani. Siku ile sikula."

Hasira hasara, lakini hakurudi nyuma. Kilichomtikisa ni mafuriko ya mwaka jana. Maji yalipofika kiunoni, aliyekibeba cherehani chake kichwani alikuwa Mudathir. Ditram na mkewe, Agatha, wakakaa kwa Mwislamu huyo wiki tatu, wakila chungu kimoja.

Kiongozi wa kanisa lake alipokuja, hakuja na pole. Alimwambia yale maji ni adhabu, na atubu pia kwa chakula anachokula pale.

"Nikaitafuta dhambi ya kula ugali wa mtu aliyeniokoa. Mpaka leo sijaiona."

Sasa anasali kanisa jingine, ambako wasichana wa kwaya huvaa suruali na mchungaji akialikwa Idi huenda. Ditram hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

"Wakiimba nafurahi, halafu naogopa kwa nini nimefurahi. Sijui nimefunguliwa au nimepotea. Nikamuuliza mchungaji, akaniambia Mungu haogopi maswali. Sasa hilo nalo ni jibu?"

Agatha, anayechambua mchele pembeni, anadakia: "Usiku anatubu kwa kushona, asubuhi anatubu kwa kutokushona. Mimi nimeshamwachia Mungu."

Mwezi huu Ditram aliamua kumshonea binti yake suruali ya kazi. Kupiga simu aliona aibu. Alifungua daftari lake la vipimo, akakata, akashona kwa siku mbili, akaukabidhi mzigo kwa kondakta wa basi la Mikumi.

Siku ya tatu suruali ilirudi. Vipimo vya daftarini vilikuwa vya Brightness wa miaka 19; sasa ana 26. Fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini alikuwa amefanya kosa ambalo hata anayejifunza hufokewa kwalo, kukata nguo bila kumpima mwenye nguo.

Ndani ya mfuko wa suruali mlikuwa na karatasi. Ditram anaitoa mfukoni mwa shati, imeshalegea kwa kukunjwa na kukunjuliwa.

"Shikamoo Baba. Haipandi. Usifumue kwa kubahatisha, njoo unipime."

Jumamosi atapanda basi kwenda Mikumi. Kama ni dhambi bado hajui, na amechoka kuulizia. Anaikunja suruali, anazungusha futi yake ya kupimia kwenye vidole na kuitia mfukoni pamoja na karatasi.

"Ya kumwambia sina," anasema. "Nitaanza na urefu."